Ukurasa wa Mwisho wa Bi Helmi

Kila barua iliyotoka katika ofisi ya hoki ya barafuni ya Chuo cha Keel Harbor ilianza kwa maneno mawili tu: Tumekuona ukicheza. Mara nyingine yalikuwa ya kweli. Helmi Ruona, karani wa ofisi hiyo, alikuwa ameyachapa mara nyingi mno, hata yakaganda kwenye kioo cha mashine yake. Mashine ikiwa imezimwa, ukiinama ukatazama kwa upande, uliyaona bado, ya kijani kilichofifia, kama alama ya glasi juu ya meza ya mbao.

Mashine yenyewe ilikuwa kichekesho cha chuo kizima. Ilinunuliwa mwaka 1980 kwa kazi moja tu, kuandika barua, na haikukubali kujifunza nyingine. Diski zake zilikuwa pana kama sahani. Printa yake ilipiga kelele hadi meza ikatembea, ndiyo maana Helmi aliikalisha juu ya taulo la sauna lililokunjwa mara nne. Asubuhi za Januari alilazimika kuipulizia hewa ya moto kwa kikaushia nywele kabla haijakubali kuamka. Na ole wako uweke diski karibu na simu, kwani sumaku ya kengele ya simu iliwahi kuwafuta walinzi wote wa msimu mmoja, kuanzia Anttila hadi Zukowski.

"Bi Helmi," alikuwa akimtania Skip Maddern, kocha msaidizi, kila apitapo mlangoni, "hiyo kitu haihitaji fundi. Inahitaji kasisi."

"Na wewe unahitaji kinyozi. Mbona mimi nimenyamaza?"

Lakini mashine ilikuwa na tabia moja isiyo ya kuchekea. Haikuuweka moyoni ukurasa ulio mbele ya macho yako. Ukurasa ulihifadhiwa pale tu ulipouacha ukaenda kwenye ukurasa unaofuata. Ukizima umeme ungali juu yake, yote uliyobadilisha yalipotea, na kesho yake uliukuta kama ulivyokuwa jana, bila haya. Helmi aliijua tabia hiyo kama alivyoijua ngazi mbovu ya baraza lake. Kwa miaka minane alikuwa akiiruka bila hata kufikiri.

Kocha Lyle Brisbois naye alikuwa na tabia yake. Alitaka makipa waandikwe mwisho wa orodha, kwenye ukurasa wao peke yao. Washambuliaji unachukua wanne au watano, walinzi watatu, na mmoja akiharibika unamficha nyuma ya wenzake. Kipa unachukua mmoja, na akiharibika kila mtu anamwona.

"Kipa si mchezaji," alikuwa akisema. "Kipa ni ndoa."

Basi jina la kwanza kwenye ukurasa wa makipa ndilo lililopelekewa barua ya nafasi, yaani karo, chakula na malazi kwa miaka minne. Waliobaki wote walipelekewa barua ya kwaheri yenye maneno matamu. Tabia ya kocha ilikuwa upande huu, na ya mashine upande ule, na zilikaa nyumba moja miaka minane bila kugongana. Zilikuja kugongana Ijumaa moja ya Februari, mwaka 1988.

Kabla ya hapo ni lazima Helmi ajulikane, maana watu wengi wa Keel Harbor walimwona miaka nenda miaka rudi na hawakumjua. Alizaliwa katika nyumba za mgodi wa shaba, akaolewa na mchimbaji, Toivo, aliyekuwa kipa wa timu ya mji siku zile makipa walipocheza nyuso wazi. Kila Jumapili Helmi alikaa nyuma kabisa ya lango lake, amevaa kofia ya sufu, akimpigia kelele asogee mbele. Mwaka 1961 kisahani, kile kidude kigumu cha mpira wanachopigania wachezaji, kilimpata Toivo kwenye jicho la kushoto, mbele ya macho ya mkewe, hatua nne tu kutoka alipokaa. Toivo aliendelea kushuka mgodini na jicho moja hadi mgodi ulipofungwa. Helmi hakukanyaga tena uwanja wa barafu.

Mgodi ulipofungwa, chuo kilikuwa kinatafuta karani ajuaye kuchapa. Helmi hakujua. Akaazima taipureta ya ofisi ya kanisa la Kilutheri, akajifungia jikoni wiki mbili, akaenda akaipata kazi. Yule aliyemhoji alimwuliza amechapa kwa muda gani, naye akajibu, "Tangu jikoni." Kwa miaka ishirini hakukosea jina, anwani wala tarehe. Siku za mechi, watu elfu tatu wakipiga mayowe upande wa pili wa ukuta, yeye alibaki ofisini akifuma soksi na kusikiliza. Kwa mayowe tu aliweza kukuambia nani amefunga. Toivo alipofariki, alimzika Jumanne, na Alhamisi alikuwa mezani kwake.

Sasa Ijumaa ile. Kocha aliingia akiwa na theluji hadi magotini, furaha imemjaa.

"Hollister! Kent Hollister, yule twiga wa kule karibu na Detroit. Futi sita na inchi tatu, Helmi! Akisimama golini huoni wavu. Mweke juu kabisa."

Aliyekuwa juu kabisa wakati huo alikuwa Armand Quesnel wa Petit Lac, kijiji cha kiwanda cha karatasi ndani kabisa kaskazini ya Ontario. Hakuwa pale kwa ubora. Alikuwa pale kwa sababu barua yake ilitangulia kufika, mwezi Septemba, kwa mwandiko wa mkono kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na Helmi huwapanga watu kwa foleni. Basi akamtoa Quesnel, akampandisha Hollister. Kwenye barua ya nafasi akaongeza sentensi aliyotajiwa na kocha: Kipa mwenye urefu wa futi sita na inchi tatu kama wewe hapatikani kila msimu. Hiyo aliihifadhi vizuri. Akarudi kwenye ukurasa wa makipa kuuangalia mara ya mwisho, na simu ikalia. Alikuwa jirani yake.

"Helmi, paa lako linalia."

Watu wa huko wakiambiwa paa linalia hawaulizi linalia vipi. Theluji ya ziwani ilikuwa imeanguka siku tisa mfululizo, na uzito wake huweza kuvunja nyumba. Helmi alizima mashine, akachukua koti, na saa moja baadaye alikuwa juu ya nyumba yake, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akipakua theluji kwa koleo na kumkemea jirani aliyetaka kumshikia ngazi.

Jumatatu dhoruba nyingine ilitangazwa, na gari la posta likaondoka mapema. Helmi aliweka diski, mashine ikachapa, meza ikatembea. Kocha akasaini zote amesimama, simu imebanwa begani, bila kusoma hata moja, maana barua za Helmi hazikuhitaji kusomwa. Saa saba na nusu zilikuwa zimeondoka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata simu ililia.

"Haloo! Hapo ni kwa kocha wa hoki? Mimi mama yake Armand. Armand Quesnel, Petit Lac! Barua tumeipata, dada, na tumekubali. Mungu awabariki mno! Padri ametangaza kanisani. Bibi yake amelia mpaka tukamlaza. Hapa mji mzima hauna habari nyingine. Kwa hiyo tumekubali, eh? Umeandika hapo kwamba tumekubali?"

"Nimeandika," alisema Helmi, kwa sababu mkono wake ulikwisha kuandika.

Aliweka simu chini. Alifungua kabati la nakala. Ya Quesnel ilikuwa ndiyo ya nafasi, pamoja na zile futi sita na inchi tatu. Kwenye kadi yake kijana mwenyewe alikuwa ameandika futi tano na inchi saba. Ya Hollister ilikuwa ya kwaheri. Helmi aliisoma hiyo mara tatu, kisha akajiuliza hao watu wa Petit Lac waliisomaje ya kwao. Labda furaha iliwafumba macho. Labda huko Kanada wanapima kwa mita, wakadhani ni maneno ya adabu tu.

Angeweza kuisingizia mashine. Nani asingemwamini? Skip angeleta kasisi kweli. Lakini Helmi alijua aliyezima ni nani, na aibu ilimchoma mpaka masikioni. Akazichukua nakala zote mbili, akavuka ukumbi hadi kwa kocha, akafunga mlango nyuma yake.

Kocha alisoma, akawa mwekundu, akanyakua simu. Baba yake Hollister hakukasirika hata kidogo. Alicheka. Kijana alikuwa amesaini Jumatatu na chuo kingine, chini huko ng'ambo ya ziwa, na walimshukuru sana kocha kwa ile barua yake yenye heshima.

"Miaka ishirini!" alifoka Brisbois. "Miaka ishirini hukosei hata nukta, halafu unakuja kukosea kipa! Si ungekosea mlinzi, Helmi? Si ungemkosea Skip?"

"Nimekosea. Si mashine, ni mimi. Nilizima nikiwa juu ya ukurasa."

"Mwandikie huyo mbilikimo. Mwambie ni kosa la karani, tunasikitika, kila la heri. Leo hii. Nafasi hiyo bado naweza kumpata nayo mtu."

Helmi alirudi mezani, akaandika barua aliyoagizwa, neno kwa neno. Akaichapa. Akaileta, akaiweka mbele ya kocha, na mkono wa kocha ulipoifuata kalamu, yeye akaiwahi.

"Simama."

"Nini?"

"Simama uisome kwa sauti. Miaka ishirini nakuletea barua unazisaini kama mtu anayefukuza nzi. Hii utaisoma."

Brisbois alisimama, nadhani kwa sababu hakuna mwanamke aliyepata kumwambia vile isipokuwa mama yake. Akashika karatasi mbali na macho, maana miwani hakutaka kuivaa mbele za watu.

"Mpendwa Armand. Tumekuona ukicheza." Akaishusha karatasi. "Hatujamwona akicheza."

"Hapana."

"Nani kati yetu amemwona?"

"Hakuna. Petit Lac hakuna anayekwenda."

"Basi futa hiyo."

"Nikifuta inabaki nini, Kocha? Hatujakuona ukicheza na tumekunyang'anya? Hollister ulimwona mara ngapi?"

Kocha alitazama dirishani. "Niliona picha. Na Skip aliongea na mtu."

"Lyle," alisema Helmi, na jina hilo hakuwa amelitamka ofisini hata siku moja, "ahadi ni deni, na jina lililo chini ya ile barua ya kwanza si langu. Nifukuze mimi. Kosa ni langu na nitaondoka nalo leo, sitalalamika. Lakini usimrudishe yule mama kanisani kumwomba padri atangaze mara ya pili."

Pale ndipo alipolia, na hakujificha. Alilia wima, mikono ubavuni, kama anavyolia mtu asiye na mazoea. Kocha alikaa. Vidole vyake vilizungusha kalamu ambayo hakuwa nayo, maana bado alikuwa nayo Helmi.

"Petit Lac ni saa ngapi kwa gari?"

"Saba. Theluji ikikubali."

"Hata nikienda siahidi kitu."

"Ulikwisha kuahidi," alisema Helmi, akafuta uso kwa kiganja, akatoka.

Kocha alikwenda Jumamosi, akarudi Jumatatu. Aliingia ofisini kwa Helmi, akakata kipande kikubwa cha mkate wa iliki uliokuwa juu ya kabati, akala chote amesimama.

"Mfupi," alisema mwishowe. "Mfupi, Helmi, mpaka inatia huruma. Uwanja wenyewe ni banda la mbao, nyuzi joto thelathini chini ya sifuri, na padri ndiye mwamuzi."

"Na?"

"Wamefungwa nne kwa moja. Amepigiwa mashuti arobaini na tano." Akajikuna kidevu. "Hasubiri. Anawatokea. Anatoka golini kama mtu aliyesikia wanamtukana mama yake. Ile barua ya pili iko wapi?"

"Juu ya meza yako."

Alikwenda, akarudi na vipande vyake mkononi, akavitia kwenye kapu la Helmi.

"Na ndani ya mashine?"

"Ilikuwa ukurasa wa mwisho," alisema Helmi. "Nilizima."

Tangu siku hiyo mambo mawili yalibadilika. Helmi alianza kuweka ukurasa mtupu mwisho wa kila orodha na kila barua, na Skip alipomwuliza ni wa nini, alimwambia mashine ina njaa, ikitaka kula ile huo. Naye kocha akaanza kusoma barua zote kabla ya kusaini. Alizisoma kwa sauti, mlango umefungwa, lakini ukuta ulikuwa mwembamba na kila mtu alimsikia.

Armand Quesnel alifika Agosti akiburuta begi la pedi za kipa lililomzidi kimo. Alikuwa mpole, mwenye masikio makubwa na Kiingereza cha kukanyagakanyaga. Alikuja ofisini kusaini karatasi zake, akapewa kahawa na mkate wa iliki, na kuanzia hapo akawa anapita karibu kila siku. Habari ya barua hakuitaja. Helmi naye hakuitaja. Alijiambia kwamba kijana hajui, na kwamba asijue ndiyo heri yake.

Mechi yake ya kwanza nyumbani ilikuwa Novemba. Helmi alikuwa mezani na soksi yake. Mayowe yalikuja ya aina aliyoijua: bao, na si letu. Kisha tena. Baada ya la tatu yakaja mengine ambayo hakuyajua, ya watu kumcheka mtu. Skip alipita mbio kuchukua bandeji, akasema kuna wahuni wamening'iniza kitambaa kimeandikwa MLETEENI KIGODA. Helmi alichoma sindano kwenye uzi, akavaa koti, akafungua mlango wa uwanjani, akakanyaga penye barafu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba.

Alikwenda akakaa nyuma ya lango, safu ya kwanza. Kisahani kilipogonga kioo cha kukinga watazamaji mbele ya uso wake alishtuka hadi akamwagia jirani kahawa, lakini hakufumba macho. Kule golini yule kijana alionekana mdogo kuliko alivyokuwa akinywa kahawa ofisini, na Helmi alijua kabisa aliyemweka pale ni nani. Mchezo uliposimama, Armand aligeuka kunywa maji, akamwona. Akainua gongo kidogo.

"Sogea mbele!" Helmi alipiga kelele, sauti imekwaruza. "Mbele! Unamngoja nani?"

Walifungwa saba. Mechi iliyofuata Helmi alikuwa kwenye kiti kilekile, na iliyofuata tena. Wahuni wa kigoda walihamia upande wa pili wa uwanja baada ya kuambiwa mambo kuhusu wazazi wao, wote ambao Helmi aliwafahamu kwa majina. Mwaka wa kwanza Armand alikaa benchi zaidi ya alivyocheza. Mwaka wa pili alicheza nusu. Mwaka wa tatu hakuna aliyeuliza tena nani atasimama golini. Kombe hawakuchukua. Machi 1992, katika mechi ya mchujo waliyolazimika kuongeza muda mara tatu, alizuia mashuti hamsini na nane, na la hamsini na tisa likampita chini ya mkono. Keel Harbor nzima ilisimama na kumpigia makofi, na kati ya waliosimama walikuwamo wenye kitambaa cha kigoda.

Mei ya mwaka huo Helmi alikuwa anastaafu, na mashine inastaafu naye. Ijumaa wangekuja watu wawili kuibeba kwenda jaani, na kompyuta mpya ilikuwa bado ndani ya boksi, imemgeuzia mgongo. Jumatano Armand alikuja. Alikuwa amepata habari ya kazi, kufundisha hesabu huko kwao Petit Lac na kuwanoa watoto kwenye lile banda la mbao, nao walitaka barua ya kumsifu.

"Kocha ataisaini," alisema Helmi, akavuta kiti. "Kaa. Nitaiandika sasa hivi."

Armand hakukaa. Alikuwa ametoa kitu mfukoni, karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo yake imechakaa.

"Bi Helmi, mimi nina futi tano na inchi saba."

"Najua, baba."

"Siku barua hii ilipofika nilikuwa pia na futi tano na inchi saba."

Mikono ya Helmi ilitulia juu ya vitufe.

"Mama alinisimamisha kwenye mlango wa jikoni akanipima," alisema Armand. "Eti labda nimekua usiku. Akapima mara mbili. Halafu akasema, hii ni ya mtu mwingine. Na hapo mwanzo wanasema tumekuona ukicheza, na Petit Lac barabara ni moja, gari geni likiingia hata mbwa wanajua. Hakuna mtu aliyekuwa amekuja."

"Lakini mama yako alipiga simu. Padri ametangaza, alisema."

"Padri hakuwa ametangaza lolote." Masikio yake yalikuwa yameiva. "Mama alisema tupige kabla hawajazinduka. Alisema mtu ukishamshukuru sana anaona haya kukunyang'anya. Alipokata simu ndipo akavaa buti akakimbia kwa padri, kumwomba atangaze, isije ikawa amedanganya."

Helmi alimtazama. Kisha kicheko kikampanda kutoka mbali, akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi, na Armand naye akacheka, lakini chake kiliisha mapema.

"Miaka minne nimesimama mahali pa mtu," alisema. "Kila nikizuia nasema, labda hii ingempita hata yeye. Sikuwahi kujua kama ni pangu."

Helmi aliacha kucheka. Alitaka kumwambia kuhusu ukurasa, paa, kocha aliyesimamishwa kama mwanafunzi, barua ya pili iliyoraruliwa. Angemwambia yote, na jioni ile kweli alimwambia, nyumbani kwake, na sahani ya pasti, zile sambusa nene za wachimba migodi, katikati yao. Lakini pale ofisini aligeukia mashine, akaita barua mpya. Maneno mawili yakajitokeza yenyewe juu ya kioo, kama kawaida yake: Tumekuona ukicheza. Akayafuta. Akaandika kwa muda, bila kusita, meza ikatembea, karatasi ikatoka. Hakuipeleka kwa kocha. Alitafuta kalamu akaweka jina lake mwenyewe chini, Helmi Ruona, karani, mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne, akaacha chini yake nafasi ya saini ya Brisbois.

Kisha, ijapokuwa Ijumaa mashine ilikuwa inakwenda jaani na diski ile hakuna ambaye angeitaka tena, akafungua ukurasa mtupu, akangoja hadi taa nyekundu ya diski ilipozimika, ishara kwamba barua imehifadhiwa.

"Simama vizuri uisome," alisema. "Kwa sauti. Hapa ndivyo tunavyofanya."

Armand alinyoosha mgongo.

"Kwa yeyote inayemhusu. Nimemwona akicheza. Nimemwona mechi sabini na tatu, nikiwa nimekaa nyuma ya lango lake, na nimeona makipa tangu nilipokuwa msichana. Hasubiri kufuatwa. Ana urefu wa futi tano na inchi saba."

Akaishia hapo. Akaweka kidole juu ya ile namba.

"Endelea," alisema Bi Helmi. "Hakuna kosa hapo."